Sahani ya Kireka

Ili nifike kazini lazima nivuliwe mara tatu.
Mlango wa kwanza unanivua viatu na vumbi la Kireka,
wa pili hereni, mafuta ya mikono, jina;
wa tatu unanivua hata haraka,
maana mle ndani kasi nayo ni uchafu.

Ndiyo, kasi. Mwanadamu akitembea hupukutisha ngozi
kama apepetaye mtama bila kujua.
Kwa hiyo naenda taratibu, mweupe utosi hadi kisigino,
macho tu yamesalia,
na hewa inashuka kutoka darini, imechujwa na kuchujwa tena,
haina harufu ya kitu chochote,
hata ya jana.

Maji ya mle ni matupu mno, yana njaa;
ukiyaacha bombani yatalamba chuma.
Kwangu naninginiza jerikeni mbili kutoka kisimani
na kuomba yachemke kabla makaa hayajaisha.

Kazi yangu ni kutega.
Wenzangu kijijini hutega kumbikumbi; mimi natega kisichoonekana:
sahani ya agari, rangi ya chai iliyozidi maji,
wazi kwa muda wa saa nne kando ya vichupa vya sindano.
Kisha naifunika, naandika tarehe, naiingiza kabati la joto.
Siku ya tano nikute sifuri.
Sifuri ndiyo mshahara wangu.
Kuna siku lilitokea doa, moja, la njano, kama mbegu ya mchicha:
vichupa elfu kumi na mbili vikachomwa,
na Oryema, msimamizi, hakula mchana.

Sisemi nilichofanya mwezi Machi kilikuwa halali.
Sahani moja ilibaki. Nikaitia mkobani,
nikaifungua nyumbani, mezani, saa nne zile zile,
dirisha likipumua unga wa machimbo
wanakopasua mawe kina mama tangu alfajiri,
sigiri ya Nantege chini ya ngazi ikifuka makaa mabichi,
na Kisembo wangu, miaka sita, akichora lori sakafuni,
akikohoa kile kikohozi nilichokwisha kukizoea
kama jirani mwenye redio.

Niliirudisha kazini, nikaisitiri nyuma ya zingine.
Siku ya tano sikuweza kuhesabu.
Kijani, nyeusi, waridi, manyoya ya kuvu
yamesukuma kifuniko yakitaka kutoka.
Oryema alikuwa amesimama nyuma yangu.
"Chumba gani hiki?"
"Changu."
Akaiinua kwenye taa, akaitazama kwa muda,
yeye ambaye mama yake alivunja kokoto pale pale
hadi kifua kikawa mfuko wa saruji ulionyeshewa.
Nikangoja kufukuzwa.
"Hukuandika tarehe," akasema.
"Sahani bila tarehe si ushahidi."
Akanipa kalamu yake.

Sahani ilichomwa, kama ilivyo sheria. Picha imo simuni.
Nilimwonyesha Nantege; akauliza, "Umepika nini?"
Nilipomweleza alicheka, kisha akanuna:
moshi una miguu, mimi ni nani wa kuuonyesha njia?
Kesho yake nilikuta sigiri imehamia ng'ambo ya ngazi,
hatua sita, nilizipima.
Hakusema kitu. Nami nilinunua mahindi mawili.

Sasa nafuta sakafu kwa kitambaa kibichi, sifagii.
Pazia la dirishani nalilowesha jioni.
Haya si chujio, najua.
Najua pia machimbo hayavuliwi viatu mlangoni.
Usiku nalala macho, nahesabu kikohozi cha mtoto
na kuandika ukutani kwa penseli, juu ya lori lake:
tarehe nane, kumi na tisa.
Tarehe tisa, ishirini na mbili, upepo ulitoka machimboni.
Tarehe kumi, kumi na saba.

Sifuri iko mbali.
Kisembo anauliza zile ni namba za nini.
Namwambia: za lori.
Anaongeza gurudumu.